Kung'arisha Rangi ya Gari kwa Mashine: Somo la Msuguano Katika Vumbi la Oldeani

Mlima Oldeani, ambao jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mianzi, ni volkano iliyozimika zamani. Miteremko yake ina udongo mwekundu wenye rutuba uliotokana na kumomonyoka kwa mawe ya volkano, na udongo huo ndio uliostawisha mashamba ya kahawa ya Oldeani na Karatu. Lakini udongo uo huo, ukikauka na kusagwa na magurudumu, huwa vumbi jepesi linaloganda juu ya kila kipitacho njiani. Magari ya watalii yaendayo Kreta ya Ngorongoro na malori ya mazao hayasalimiki. Baada ya muda rangi hufifia, na mwenye gari humtafuta kijana mwenye mashine ya kung'arisha. Kazi hiyo yaonekana nyepesi. Hata hivyo, ni kazi ya kuondoa kitu kisichorudi, na asiyejua kanuni zake aweza kuharibu kwa dakika moja rangi iliyodumu miaka mingi.

Unene wa rangi

Bati la gari hupakwa praima ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe. Tangu miaka ya 1980 magari mengi huongezewa juu tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Matabaka yote pamoja kwa kawaida yana unene wa maikromita 100 hadi 150, na klia peke yake ni maikromita 35 hadi 50 tu. Unywele wa binadamu una maikromita 70 hivi. Yaani klia ni nyembamba kuliko unywele. Klia ina kemikali zinazozuia mionzi ya urujuanimno ya jua. Ikipunguzwa kupita kiasi, jua hushambulia rangi iliyo chini, na baadaye klia huchubuka.

Mikwaruzo hutoka wapi?

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu, kuanzia talki, namba 1, hadi almasi, namba 10. Feldispa, ambayo hupatikana kwa wingi katika mawe ya volkano, ni namba 6, ilhali klia ni aina ya plastiki, laini zaidi sana. Kwa hiyo anayefuta vumbi kavu kwa kitambaa huipiga rangi msasa bila kujua. Uso uliokuwa sawasawa hupata vijifereji vingi, na nuru iliyokuwa ikiakisiwa upande mmoja hutawanyika kila upande. Ndiyo sababu rangi huonekana imefifia.

Polishi ya mashine haijazi vijifereji hivyo. Ina unga mgumu, kama vile oksaidi ya alumini, uliosagwa mno, nao hupunguza uso wa klia mpaka ulingane na kina cha mkwaruzo. Mkwaruzo unaonasa ukucha kwa kawaida umezama mno, na ni heri kuuacha.

Mwendo na joto

Tuseme pedi yenye kipenyo cha milimita 150 yazunguka mara 2,000 kwa dakika. Mzingo wake ni mita 0.471, basi ukingo wake hukimbia mita 15.7 kwa sekunde, karibu kilomita 57 kwa saa. Ikiwa kani ya msuguano ni nyutoni 20 na mwendo wa wastani ni mita 10 kwa sekunde, joto linalozalishwa ni wati 200. Pedi ikisimama mahali pamoja, joto hilo lote huishia katika eneo dogo, na rangi huungua. Bampa za plastiki huathirika upesi zaidi kwa kuwa plastiki haipitishi joto vizuri kama bati.

Mashine inayozunguka tu hukata kwa nguvu na yamfaa fundi mzoefu. Anayeanza atumie ile ambayo pedi yake huzunguka na pia kuyumba kwa duara dogo. Ikikandamizwa mno, pedi hupunguza mzunguko au husimama, na hivyo hatari hupungua.

Utaratibu wa kazi

Kwanza gari lioshwe kwa maji mengi, kuanzia juu kwenda chini, kwa ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji. Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa. Kingo na pembe zifunikwe kwa utepe wa karatasi, kwani hapo rangi huwa nyembamba, na kani ileile ikiangukia eneo dogo hutoa kanieneo kubwa.

Ijaribiwe sehemu ndogo, yapata sentimita 50 kwa 50, kwa polishi na pedi iliyo laini kuliko zote. Pedi iguse bati kabla ya kuwasha mashine, ilazwe sawasawa, na isogezwe polepole bila kusimama, kila mstari ukipanda nusu ya ule uliotangulia. Baada ya kupita mara chache, polishi ifutwe kwa kitambaa laini na uso ukaguliwe kwa tochi. Ukitosheleza, kazi ikome hapo. Kwenye gari lenye klia, rangi ikionekana kwenye pedi ni dalili kwamba klia imekwisha, na mashine izimwe mara moja.

Fundi naye ajikinge. Avae miwani, barakoa na vizibo vya masikio. Asivae nguo zinazoning'inia. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu, hivyo vumbi lake lisivutwe. Umeme wa volti 230 huua: waya upitishwe begani, viungio viwe mbali na maji, na mashine ichomolewe kabla ya kubadili pedi.

Zoezi la darasani

Wanafunzi watafute boneti kuukuu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nusu yake wapake matope membamba, yaachwe yakauke, kisha yafutwe yakiwa makavu; nusu ya pili ipakwe vivyo hivyo, lakini ioshwe kwa maji mengi. Zote mbili zikaguliwe kwa tochi. Baadaye boneti hiyo hiyo itumike kujifunzia mashine, kabla ya kugusa gari la mtu.