Kuwahi Mlio Si Ushujaa

Mbulu na Hanang hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya mbio. Mbulu ilimtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia. Hanang ilimtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, mwaka 1978. Tusilolitilia maanani ni mwanzo wa mbio, kwa kuwa katika kilometa 42 sekunde moja si kitu.

Katika mita 100, sekunde moja ni kila kitu. Zamani mkimbiaji aliyewahi mlio wa bastola alionywa, akifukuzwa kwa kosa la pili. Tangu mwaka 2010, kosa la kwanza ndilo la mwisho. Hata Usain Bolt alitolewa fainali ya dunia kule Daegu mwaka 2011. Na si lazima uondoke kabla ya mlio. Ukiondoka kabla ya sekunde 0.100 kupita, unahesabiwa kuwa ulibahatisha.

Mwaka 2022, kule Eugene, Marekani, Devon Allen alitolewa fainali ya kuruka viunzi kwa sekunde 0.099. Kijana huyo alikuwa pia mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ambao nao una sheria ya namna hiyo. Kabla mpira haujaanza kuchezwa, washambuliaji wote 11 hutulia kwa sekunde nzima. Kisha mmoja tu wa nyuma anaruhusiwa kutembea, kwa upande au kurudi nyuma, si kuelekea mbele. Akishtuka mwenzake kana kwamba mchezo umeanza, timu inarudishwa yadi 5, yaani kama mita nne na nusu. Mwamuzi basi hapigi filimbi kwa kila anayesogea. Huangalia nani anasogea, anaelekea wapi na lini.

Sasa tutazame viwanja vya shule zetu. Mwalimu anahesabu "moja, mbili", watoto watatu wameshachomoka, watu wanacheka, wanarudishwa mara nne. Mtoto huyo akifika mashindano ya taifa, anafukuzwa kwa hatua moja, na nauli ya wazazi imepotea.

Walimu, watulizeni wote kwanza, ndipo mpige filimbi, na msiizoeshe kulia kwa muda ule ule. Aliyewahi, atolewe nje, hata akiwa ndiye tegemeo la shule. Afadhali alie leo Katesh kuliko kulia kesho Dar es Salaam.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.