Dafu Halina Kesi

Kila vijana wanapokusanywa kuelezwa habari za matende na mabusha, iwe Tanga, Lindi, Mafia au Mbagala, swali la kwanza huwa lilelile: je, ni kweli madafu yanaleta mabusha? Analiuliza mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma mzunguko wa damu, analiuliza dereva wa bodaboda, na wakati mwingine analiuliza mwalimu aliyewaleta. Jibu ni hapana. Kwa kuwa hapana tupu haijamtosheleza mtu miaka yote hii, inabidi swali lifukuliwe mpaka kwenye mzizi wake. Tunawataka vijana wawe mabalozi wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, tunawapa fulana na vipaza sauti, halafu tunawaacha waende mitaani na imani ambayo inaubomoa ujumbe wote waliotumwa kuupeleka.

Tuanze na safari ya maji yenyewe. Maji ya dafu huingia tumboni, hufyonzwa na utumbo, huingia kwenye damu, figo huchuja, na ziada hutoka kwa mkojo. Hakuna njia itokayo tumboni kwenda kwenye korodani, na kijana aliyepita darasa la baiolojia anajua hivyo. Maji ya busha ni majimaji ya mwili wenyewe, yaliyojikusanya kati ya tabaka mbili za utando unaoizunguka korodani baada ya njia za limfu kuharibika. Mharibifu ni mnyoo mwembamba mno aitwaye Wuchereria bancrofti, ambaye jike lake hufika sentimita 8 hadi 10 na huweza kuishi mwilini miaka 6 hadi 8, akizaa vijiminyoo kwa mamilioni. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Recife, Brazili, waliwaona minyoo hao kwa ultrasound wakijinyonganyonga ndani ya mishipa ya limfu ya mfuko wa korodani, tena kwa wanaume ambao kwa nje hawakuwa na uvimbe wowote. Na mnyoo huyu haingii kwa mdomo; huletwa na mbu. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, aliviona vijiminyoo vikikua ndani ya mwili wa mbu.

Imani ya madafu imepata nguvu kwa sababu mnazi na mbu wanapenda mahali pamoja: pwani, penye joto na unyevu. Ukihesabu wagonjwa wa mabusha utawakuta chini ya minazi, ukihesabu wanywaji wa madafu utawakuta hapohapo, na kichwa kikaunganisha yasiyoungana. Ni sawa na kumlaumu muuza miavuli kwa kuleta mvua. Dai la namna hii hupimwa kwa kuangalia mahali ambapo vitu hivyo viwili vimetengana. Katika delta ya Mto Nile nchini Misri, na katika vijiji vya Burkina Faso na Mali mbali kabisa na bahari, ugonjwa huu umetesa watu ambao hawakulelewa kwa madafu. Upande wa pili, Sri Lanka na Maldivi, nchi zinazoishi na minazi kila siku, zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 kuwa zimeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Walipambana na mnyoo na mbu, na madafu yanauzwa kando ya barabara za Sri Lanka mpaka leo. Kisha kuna wanawake. Wanakunywa madafu kama wanaume, na wanapoambukizwa mnyoo yuleyule huvimba mguu au mkono, tukaita matende, wala hakuna anayelilaumu dafu kwa mguu wa mama. Vipi basi maji yaleyale yamwache mke na kumchagua mume?

Ushahidi mwingine uko hapahapa kwetu, Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimimina katika vyoo vya shimo vyenye maji chembe ndogo nyeupe za polistirini, zile zinazotumika kufungashia vitu visivunjike. Chembe zilielea na kufunika uso wa maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa pa kuvutia hewa, na mbu wenyewe wakashindwa kutaga. Pamoja na hayo, wananchi walipewa dawa ya kuua vijiminyoo. Mbu waliokuwa wakiuma usiku walipungua sana, na vijiminyoo katika damu ya watu vikashuka sana pia. Katika mpango ule wote, dafu halikuwa na nafasi yoyote.

Wapo watakaosema, lakini wazee waliona kwa macho yao: aliyekunywa madafu mengi ndiye aliyepata busha. Katika kijiji ambacho kila mtu anakunywa madafu, kila mwenye busha atakuwa amekunywa. Mamia waliokunywa wakabaki wazima hakuna anayewahesabu, kwa hiyo imani hailipi gharama ya kukosea. Wengine husema si kila busha linatokana na mnyoo. Hilo ni kweli: lipo la kuumia, lipo la maambukizi mengine, na wapo watoto wanaozaliwa nalo. Hiyo ndiyo sababu ya kumwona daktari atofautishe, maana kati ya visababishi vyote hivyo dafu halimo.

Sasa lililo zito zaidi kwa kijana. Ukimfundisha mtu wa miaka 18 kwamba mabusha yanatokana na madafu, umemfundisha kwamba asipokunywa yuko salama, na kwamba mgonjwa alijitakia. La kwanza linamfanya asimeze dawa za kingatiba; la pili linamfanya mgonjwa ajifiche chini ya kanzu na msuli mpaka uzee. Zote mbili ni hasara, na zinaanzia kwenye kosa la kudhani huu ni ugonjwa wa wazee. Maambukizi mara nyingi huanza utotoni. Kuumwa na mbu mara moja hakutoshi. Inahitajika kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka, na wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote huku wakiendelea kumlisha mbu vijiminyoo vya kuwapelekea jirani. Vijiminyoo hivyo hujaa katika damu ya juujuu usiku, takriban saa 4 hadi saa 8, na ndiyo maana kwa miongo mingi damu ya kipimo ilichukuliwa usiku. Saa hizo babu yuko ndani ya chandarua. Aliyeko nje ni kijana, kijiweni, kwenye kibanda cha mpira, juu ya pikipiki akisubiri abiria. Kampeni inayomtumia kijana kama kipaza sauti cha kuwaonya wazee imemkosa mlengwa wake.

Tanzania Bara ilianza kugawa kingatiba ya ugonjwa huu mwaka 2000, kwa kuanzia Mafia, na Zanzibar ikafuata 2001. Dawa ni mbili, ivermectin na albendazole, na hutolewa bure. Huua vijiminyoo vya kwenye damu, ingawa si vyote, na minyoo mikubwa hubaki, kwa hiyo humezwa kila mwaka kwa angalau miaka 5, na angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo wanapaswa kumeza. Hesabu hiyo haifikiwi kama vijana, ambao ndio wengi wetu, hawapo mgawa dawa anapopita mchana, au wapo lakini wamesikia kwamba vidonge vinaua nguvu za kiume. Havifanyi hivyo. Ivermectin imetolewa dhidi ya usubi tangu mwaka 1987, na mamilioni kwa mamilioni ya waliokwisha kuimeza wamezaa na wanaendelea kuzaa. Kinachoharibu unyumba ni busha lenyewe. Homa, kichwa kuuma au mwili kuwasha baada ya kumeza huwapata zaidi wenye vijiminyoo vingi, kwa kuwa vinakufa, na kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Kijana asipoambiwa hili mapema atasema amelishwa sumu, na video yake ya nusu dakika itafika kila simu mtaani kabla mgawa dawa hajamaliza nyumba ya pili.

Ya kufanya yako mikononi. Kaa na mgawa dawa wa mtaa wako umsaidie kuorodhesha majina, hasa ya vijana wenzako wasioshinda nyumbani. Shika ile fimbo ya kupimia kimo, maana idadi ya vidonge vya ivermectin hufuata urefu, na aliyezidi sentimita 158 hupewa 4. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wagonjwa mahututi hawamezi. Funika karo, weka wavu kwenye bomba la choo, lala ndani ya chandarua. Mwenye matende aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe mpaka katikati ya vidole na auinue anapopumzika. Mwenye busha apelekwe kwa upasuaji, ambao ni mfupi na unaponya. Akimwendea wa kumtoboa kwa sindano mtaani, maji yatarudi na usaha unaweza kuongezeka. Tarehe 30 Januari, siku ya dunia ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, shuleni na vijiweni lielezwe shimo la choo na mbu kabla ya wimbo na maandamano.

Na wewe kijana unayesoma haya, mgawa dawa akifika, usimwelekeze kwa babu peke yake. Omba maji, umeze vidonge vyako mbele yake, kisha umpigie simu rafiki yako aje ameze vyake.