Anayeisifu D90 Anapiga Picha Gani?

Waulize wapiga picha watatu waliowahi kumiliki Nikon D90, utadhani wanazungumzia kamera tatu tofauti. Wa kwanza ataapa kwamba kamera za namna ile hazitengenezwi tena. Wa pili atalalamika kwamba picha zake zinaungua. Wa tatu atacheka tu ukitaja video. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja aliipa kamera hiyo kazi yake. Mnunuzi wa kamera ya mtumba asipouliza kazi ilikuwa ipi, ananunua sifa za mtu mwingine.

D90 ilitangazwa Agosti 2008 ikiwa kamera ya daraja la kati: juu yake ilikuwapo D300, chini yake D60. Nchini Marekani iliuzwa dola 999.95 bila lenzi. Mwaka 2010 D7000 ikachukua nafasi yake, lakini D90 nyingi bado ziko kazini, na bei yake ya sasa inawavuta wanaoanza.

Megapikseli 12 zinatosha?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mnunuzi, maana siku hizi hata simu hujitapa kwa megapikseli 50. D90 ina 12.3, yaani picha yenye upana wa pikseli 4,288 na urefu wa 2,848. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa kila inchi unapata takriban sentimita 36 kwa 24, kubwa kuliko karatasi ya A4. Kwa albamu ya harusi, picha ya ukutani sebuleni au ukurasa wa gazeti, hutapungukiwa na kitu. Isitoshe, sensa yake ina milimita 23.6 kwa 15.8, kubwa mara kadhaa kuliko ya simu, hivyo hukusanya mwanga mwingi zaidi.

Anayelalamikia megapikseli mara nyingi ni mpiga picha wa mpira au wa ndege. Yeye husimama mbali, kisha hukata picha ili mlengwa aonekane mkubwa. Ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na robo ya picha, kama megapikseli 3 tu. Hapo malalamiko yake ni ya haki.

Mota iliyomo ndani

Sifa inayorudiwa na wamiliki wengi haionekani kwenye picha. D90 ina mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Toa lenzi utazame pete ya chuma: utaona kijichuma chenye ncha ya bisibisi kikichungulia. Hicho ndicho kinachozungusha lenzi za zamani za AF na AF-D, ambazo hazina mota zao wenyewe. D5000, iliyofuata mwaka 2009 ikiwa na megapikseli hizohizo 12.3, haina mota hiyo. Ukiifunga lenzi ya 50mm f/1.8D kwenye D5000, utalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono. Kwenye D90 inafokasi yenyewe.

Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, hapo ndipo faida ilipo. Lenzi za D za mtumba kwa kawaida ni nafuu kuliko ndugu zao wapya wa AF-S, na mwili unaozikubali unaokoa fedha kila unapoongeza lenzi. Lakini mtu ambaye hatatoka kwenye lenzi ya 18-105mm iliyouzwa pamoja na kamera, mota hiyo haimhusu kabisa.

Kwa nini shela linaungua

Lalamiko hili lina mzizi wa kiufundi. Katika upimaji wa mwanga wa eneo zima, D90 hutumia sensa ya pikseli 420 kutathmini mandhari yote, lakini huipa uzito mkubwa sehemu ilipo nukta ya fokasi. Chukua bi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa shela jeupe, saa saba mchana, nje ya ukumbi. Mpiga picha anaweka nukta ya fokasi usoni, kama inavyopaswa. Kamera inaona pale giza, inaongeza mwanga. Uso unatoka vizuri, lakini shela linakuwa jeupe tupu: mikunjo imepotea, nakshi zimepotea, na hakuna programu itakayozirudisha kwa sababu hazikurekodiwa. Bwana harusi mwenye kanzu naye yatamkuta hayohayo.

Anayepiga mandhari ya kijani siku ya mawingu huenda asilione tatizo hili maisha yake yote. Wa harusi ataliona siku ya kwanza. Dawa yake ni rahisi: bonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa nyuma ya shata, zungusha gurudumu hadi -0.3 au -0.7, kisha piga kwa faili la RAW. Uso ukitoka na giza kidogo, unaweza kuuinua baadaye kwenye kompyuta. Nyeupe iliyoungua haina dawa.

Usiku ni habari nyingine. Hadi ISO 1600 picha zinakubalika; ukifika 3200 chenga zinaonekana wazi, hasa kwenye suti nyeusi. Wenye uzoefu huikwepa shida hiyo kwa flashi. Flashi ndogo ya D90 inaweza kuamrisha bila waya flashi za nje kama SB-600, zikiwa zimesimamishwa pembeni ya ukumbi. Uwezo huo D5000 haukupewa.

Video: ya kwanza, na inaonekana

D90 ndiyo DSLR ya kwanza duniani kurekodi video, na iliwahi wiki chache tu kabla ya Canon kuitangaza EOS 5D Mark II. Ilirekodi 720p kwa fremu 24 kwa sekunde, kipande kimoja kisichozidi dakika 5, sauti ya mono, na fokasi haijiendeshi ukiwa unarekodi. Tena sensa husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Ukigeuza kamera haraka, sehemu ya chini inasomwa wakati kamera imeshasogea, ndiyo maana nguzo za umeme huonekana zimelala. Mwenye kazi ya video aachane nayo. Simu ya kawaida ya leo inaishinda.

Usiwasikilize walio hai tu

Mtu akikwambia kamera yake imedumu miaka 15 bila kusumbua, mwamini, ila kumbuka kwamba waliofiwa na kamera zao walishahamia kwingine na hawapo kwenye mazungumzo hayo. Shata ya D90 ilipimwa kwa mibonyezo 100,000. Namba hiyo si tarehe ya mwisho wa matumizi. Zipo zinazovuka, zipo zinazofia njiani. Lakini mpiga picha anayepiga picha 1,000 kila harusi huifikia baada ya harusi 100, ilhali mzazi anayewapiga picha watoto wake sikukuu kwa sikukuu huenda asiifikie kamwe. Kamera mbili za umri mmoja zinaweza kuwa zimechoka tofauti kabisa.

Kwa hiyo unapokwenda kuikagua, muulize muuzaji aliitumia kwa kazi gani, kisha hakikisha mwenyewe. Piga picha moja, uhamishe faili lake bila kulihariri, usome idadi ya mibonyezo kwa programu ya taarifa za picha. Funga lenzi ya D usikie kama mota inazunguka. Elekeza kamera angani kwa f/16 utafute madoa ya vumbi kwenye sensa. Ingia kwenye menyu ya taarifa za betri: umri wake huonyeshwa kwa namba, 0 ikiwa mpya na 4 ikiwa imekwisha. Beba kadi ya SDHC isiyozidi GB 32, kwani kamera hii ilitoka kabla ya kadi za SDXC. Raba ya mshikio ikiwa imeachia gundi na kuvimba, usikimbie: ni tatizo la kawaida la D90, raba mpya hubandikwa, na hapo umeshapata sababu ya kuomba bei ishuke.

Ikiwa kazi yako ni picha za watu, albamu na kujifunza mwanga, na umepata yenye shata isiyochoka, inunue, na fedha utakayookoa iweke kwenye lenzi. Ikiwa ni video, mpira wa usiku au picha za mbali sana, tafuta D7000 au iliyoifuata.