Ujira wa Wakili wa Nyumba

Wengi katika jamaa zetu waliohamia Uingereza, watakapo kununua nyumba, hutazama tarakimu ya kwanza aliyoitaja wakili, wakamshika aliye rahisi. Hapo ndipo wapunjikapo. Tangu Desemba 2018 ofisi za mawakili wa England na Wales zimelazimishwa kutangaza bei za kazi hii. Basi bei na isomwe yote. Ujira ni mbali, kodi ya asilimia 20 juu yake ni mbali, na gharama za kupekua habari za ardhi na kuandikisha hati ni mbali tena. Wako waongezao ada ya kupeleka fedha benki, au kwa kuwa nyumba ni ya mkataba wa miaka (na fleti nyingi za London ndizo hizo!).

Aepukaye riba, akanunua kwa ushirika na benki ya Kiislamu, makaratasi yake huzidi, wala si kila wakili ayajuaye. Na amweleze hayo kabla ya kuuliza bei, kwani tumefundishwa kuwa ujira ujulikane kabla ya kazi. Tena aulize: muuzaji akighairi, nitadaiwa nini? Huko muuzaji aweza kurudi nyuma mpaka siku ya kubadilishana mikataba, na fedha za upekuzi zimekwisha lipwa.