Mazembe bingwa bila kucheza: namna Corona ilivyokata msimu wa Linafoot 2020

Mabingwa wengi hupokea taji wakiwa bado na jasho shingoni. TP Mazembe ya Lubumbashi ilipata taji lake la 18 la Congo wachezaji wakiwa wamekaa nyumbani, viwanja vimefungwa. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nne 2020. Mazembe ilikuwa inaongoza, AS Vita Club ya kocha Florent Ibenge ikiifuata nyuma, na msimu ukatangazwa umekwisha.

Mambo yalikwenda haraka sana. Tarehe 7 mwezi wa tatu, Mazembe iliifunga Raja ya Morocco 1-0 mjini Lubumbashi, lakini ikatoka katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa sababu ilikuwa imefungwa 2-0 kule Casablanca. Siku tatu baadaye mgonjwa wa kwanza wa Corona akatangazwa Kinshasa. Tarehe 18, rais Félix Tshisekedi akafunga shule, makanisa, baa na viwanja vya michezo, na kukataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20.

Agizo lilikuwa la nchi nzima. Minembwe haina timu katika Linafoot. Ligi hiyo tunaifuata kwa redio, na kwa simu pale network inaposhika. Mwaka ule vita vilikuwa vimewatoa watu wengi vijijini mwao, na kwa kijana wa milimani mechi ya Jumapili ilikuwa moja ya furaha chache zilizobaki. Nayo ikanyamaza.

Kwa nini basi ligi yetu haikusubiri kidogo, halafu ikaendelea? Wengi walisema ni ugonjwa. Ni kweli, lakini kuna sababu nyingine ambayo kila anayesafiri Congo anaijua: barabara. Maniema Union ya Kindu ikienda kucheza Kinshasa, hupanda ndege. Sanga Balende ya Mbuji-Mayi ikienda Lubumbashi, safari ni ile ile ya gharama. Tarehe 24 mwezi wa tatu hali ya dharura ilitangazwa na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine. Lubumbashi nayo siku hizo iliwekwa ndani kwa saa 48. Ndege za abiria ziliposimama, Linafoot ilikufa hapo hapo, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo. Viwanja vya ndege na viwanja vya mpira vilifunguliwa siku moja, tarehe 15 mwezi wa nane. Wakati huo CAF ilikuwa imekwisha kuziomba nchi zote ziseme, kabla ya tarehe 5 mwezi wa tano, ligi zao zitamalizika vipi.

Majirani zetu kila mmoja alichukua njia yake. Burundi, ng'ambo tu ya Uvira, iliendelea kucheza wakati dunia karibu yote imefunga, watazamaji wakinawa mikono mlangoni. Kwa wiki kadhaa ilitajwa pamoja na Belarus na Nicaragua. Ikasimama mwezi wa nne, ikarudi mwezi wa tano, na Le Messager Ngozi ikawa bingwa uwanjani. Tanzania ilifunga tarehe 17 mwezi wa tatu, ikafungua mwezi wa sita, na Simba ikachukua ubingwa kabla mwezi huo haujaisha. Kule timu nyingi hupanda basi na kufika Mbeya. Rwanda iliipa taji APR. Kenya iliipa Gor Mahia, na ugomvi ukafika mbele ya mahakama ya michezo.

Uganda ndiyo iliyokuwa na jibu safi kuliko wote. Kanuni zao zilikuwa zimeandikwa kabla ya ugonjwa: kama asilimia 75 ya mechi zimechezwa, anayeongoza ni bingwa. Mechi 25 kati ya 30 zilikuwa zimechezwa, Vipers ina pointi 54 na KCCA 50. Hakuna aliyehitaji kubishana sana. Ukweli ni kwamba kumpa taji anayeongoza si dhuluma. Shida ni kutunga kanuni wakati jina la anayenufaika tayari linajulikana.

Na aliyelipa gharama si Mazembe wala Vita. Mchezaji wa Linafoot anaishi kwa mshahara, kama upo, na kwa prime ya ushindi. Bila mechi hakuna prime, hakuna mlango wa uwanja, na muuza maji wa nje ya stade naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Miezi mitano hivyo.

Mwezi wa nane 2020 Tonombe Mukoko na Tuisila Kisinda wakaondoka Vita wakaenda Yanga ya Dar es Salaam. Hatusemi ni Corona peke yake iliyowapeleka. Wakongomani walikuwa wanakwenda huko tangu zamani, Papy Tshishimbi alikuwa kapteni wa Yanga. Lakini mchezaji huangalia mahali mpira unapochezwa. Mwaka uliofuata Fiston Mayele na Shabani Djuma nao wakafuata njia hiyo hiyo kutoka Vita.

Tarehe 12 mwezi wa pili 2021, Simba ilikuja Kinshasa kucheza na Vita katika Ligi ya Mabingwa. Ilishinda 1-0, kwa penalti. Aliyeipiga ni Chris Mugalu, Mkongomani.