Kinga Inapokosa Breki

Tumezoea kuamini kwamba kinga ya mwili ikiwa kali zaidi, afya nayo huwa bora zaidi. Mgonjwa wa lupasi anajua kuwa mambo hayako hivyo. Kinga yake haikupungua. Imemgeukia, inashambulia figo, ngozi na maungio yake mwenyewe.

Kila mmoja wetu ana seli T, yaani seli za kinga, chache zinazoweza kuushambulia mwili wake. Wengi hatuugui kwa sababu ziko molekuli za kuzizuia. Mojawapo ya zilizochunguzwa sana ni CTLA-4. Seli T haiamki kwa ishara moja tu. Huhitaji pia protini yake iitwayo CD28 ishikane na protini za B7 zilizo juu ya seli nyingine. Ikishaamka, huanza kutoa CTLA-4, ambayo huzishika B7 kwa nguvu kuliko CD28 na kuipokonya nafasi. Hiyo ndiyo breki yenyewe.

Mwaka 1995 watafiti walizalisha panya wasio na CTLA-4 kabisa. Seli T zao ziliongezeka bila kikomo, zikavamia moyo, kongosho na viungo vingine, na panya wale wakafa wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4. Hakuna kijidudu kilichowaua. Mwaka 2014 ikathibitika kwamba wapo pia watu waliozaliwa na hitilafu katika nakala moja ya jeni ya CTLA-4, na wengi wao huugua matumbo, mapafu au damu. Lakini baadhi, wenye hitilafu ileile, ni wazima. Kwangu mimi hilo ni jambo zito: jeni peke yake haimhukumu mtu.

Breki nyingine, PD-1, iligunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani. Panya walioikosa waliugua polepole, ugonjwa unaofanana na lupasi.

Ushahidi mwingine umetoka kwenye wodi za saratani. Dawa kama ipilimumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huizuia CTLA-4 makusudi ili kinga ipambane na saratani. Imeokoa maisha ya wengi, ila baadhi yao hupata uvimbe wa utumbo au wa tezi za homoni. Kinyume chake, abatacept imetengenezwa kwa kutumia kipande cha CTLA-4 chenyewe, na tangu 2005 inawatuliza wagonjwa wa baridi yabisi.

Kuituliza kinga kuna gharama yake: kabla ya kuanza abatacept, mgonjwa hupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B. Nawe, kama una lupasi au baridi yabisi, usinunue dawa yoyote inayonadiwa kuwa inaongeza kinga kabla ya kumuuliza daktari wako.