Kupatwa kwa Jua Kikamilifu: Kivuli cha Mwezi Kilipopita Ihanja

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Februari 1980, yapata saa tano na dakika kumi asubuhi, kivuli cha mwezi kilipita juu ya Ihanja, mkoani Singida, mahali ambapo leo pamo katika wilaya ya Ikungi. Kwa muda uliozidi dakika mbili jua lilifunikwa lote. Kwa wataalamu wa elimu ya nyota jambo hilo halikuwa la ghafla, kwani saa yake na njia yake vilikuwa vimekwisha kukokotolewa miaka mingi kabla. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo hutokana na nini, mtazamaji huona nini, na kwa nini kujua mapema ni kinga ya macho na vilevile kinga ya hofu.

Lugha yetu husema kwamba jua "limepatwa", kana kwamba limefikwa na msiba. Kwa hakika jua lenyewe halidhuriki kwa lolote. Mwezi, katika kuizunguka dunia, hupita baina yetu na jua na kulikinga. Kipenyo cha jua ni takriban mara 400 ya kile cha mwezi; lakini jua nalo liko mbali nasi takriban mara 400 zaidi. Kwa sababu hiyo, vitu hivi viwili huonekana kwa macho kuwa na ukubwa unaokaribiana sana, na kile kidogo huweza kukifunika kile kikubwa.

Kivuli kikuu cha mwezi kinapofika duniani huwa kimekwisha kuwa chembamba. Mwaka 1980 upana wake mkubwa ulikuwa kilometa 149 tu. Kilianzia bahari ya Atlantiki, kikavuka Angola, Zaire (ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), Tanzania na Kenya, kisha kikavuka Bahari ya Hindi hadi India, Burma na China. Katika Singida kilikwenda kwa kasi iliyozidi kilometa 2,000 kwa saa. Mstari wa katikati ulipita kaskazini ya Ihanja, ukaelekea Voi nchini Kenya. Aliyekuwa nje ya ukanda huo, kama vile mkazi wa Dar es Salaam, aliona jua lililomegwa tu.

Mpangilio huu hurudi kwa utaratibu. Baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, jua, mwezi na dunia hukaribia kupangika upya kama awali. Wataalamu huita kipindi hicho Sarosi. Zile saa 8 za ziada huipa dunia nafasi ya kujizungusha thuluthi moja zaidi, hivyo kivuli huangukia nchi nyingine. Tukio lililofuata katika ukoo huo lilionekana Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi mwaka 1998, na lingine Indonesia mwaka 2016. Baada ya Sarosi tatu, yaani tarehe 20 Machi 2034, kivuli kitarudi Afrika. Lakini kitapita kaskazini zaidi, katika nchi kama Nigeria, Chad, Sudani na Misri. Kwa wastani, mahali pamoja duniani hupata giza la namna hii mara moja tu katika miaka ipatayo 375.

Je, mtu aliye ndani ya ukanda huona nini, mawingu yakimruhusu? Kwa zaidi ya saa nzima mwezi hulimega jua kidogo kidogo. Chini ya miti, vile vidoa vya mwanga vipitavyo kati ya majani hugeuka kuwa hilali nyingi ndogo. Joto hupungua, na kuku huweza kurejea bandani wakidhani usiku umeingia. Kisha nuru ya mwisho humetameta ukingoni mwa mwezi kama kito cha pete, na giza huingia. Hapo ndipo huonekana korona, yaani taji la jua, ambalo siku zote humezwa na mwangaza wa jua lenyewe. Siku ile ya 1980 Zuhura ilikuwa upande wa mashariki wa jua, na Utaridi karibu zaidi.

Hofu huweza kumnyima mtu yote hayo. Nchini India, siku hiyo hiyo, watu wengi walijifungia majumbani, na televisheni ya taifa ikaonyesha sinema ili wasitoke nje. Hata hivyo giza lenyewe halina sumu wala halileti ugonjwa. Hatari ya kweli imo katika mwangaza. Ndani ya jicho, utando upokeao nuru hauna neva za maumivu. Kwa hiyo waweza kuungua bila mtu kuhisi lolote, na madhara yakajulikana baada ya saa kadhaa. Kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei, miwani ya kawaida ya jua na kutazama katika beseni la maji si kinga. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, au kioo cha mchomeleaji cha namba 14. Asiye navyo na atoboe tundu dogo katika karatasi ngumu, alipe jua mgongo, na aitazame taswira yake ikiangukia karatasi nyingine. Macho matupu huruhusiwa katika zile dakika za giza kamili pekee.

Katika kupatwa kipete, ambapo mwezi uko mbali zaidi na huacha duara la moto pembeni, dakika hizo hazipo kabisa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Septemba 2016, wananchi na wageni walipokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya. Ndivyo itakavyokuwa pia asubuhi ya tarehe 21 Mei 2031, ukanda wa namna hiyo utakapopita kusini mwa Tanzania. Ihanja siku hiyo itaona jua lililomegwa tu. Tarehe inajulikana tangu sasa. Walimu na wazazi wanao muda wa kutosha wa kuwaandaa watoto, ili watoke nje bila woga na warudi ndani na macho yao mazima.